Saa imesema 118, moyo umesema 144

Assalaam alaykum. Hili nishalisema Unguja, nishalisema hapa Chake, na leo nalisema tena maana nimeingia tu mlangoni nimeona saa za mazoezi sita mikononi mwenu, na nyote humu mshapita kwenye saratani, sina haja ya kukuelezeni dripu za dawa zikoje.

Saa hizo zinamulika taa ya kijani kwenye ngozi, zinasoma damu inavyopita. Ukikaa kitako zinapata vizuri tu. Ukianza kurusha mikono ndo shughuli.

Kuna bibi mmoja, miaka 52, kamaliza matibabu ya titi, asubuhi tunatembea pamoja pale Gombani. Mwendo wa haraka, mikono inakwenda, namsikia pumzi zinamkatika hata kunijibu hawezi. Namwambia bibi punguza, ananionesha saa: mapigo 118 kwa dakika. "Niko sawa mwalimu, ndo asilimia 70 yangu." Kapiga ile hesabu ya kukisia mpigo wa juu kabisa wa moyo, 220 utoe umri, kapata 168, asilimia 70 yake ndo hiyo 118, karidhika. Nikamsimamisha pale pale, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde 15, nikahesabu 36. Zidisha mara 4, ni 144! Sasa ile 118 imetoka wapi? Nikamwambia akishapumzika atembee tena vile vile, mie nihesabu hatua, nusu dakika zikafika 59. Mara mbili yake ngapi? Saa ilikuwa inahesabu miguu yake jamani, si moyo wake! Mkono ukitikisika kwa mpangilio, mtikisiko unaufunika mpigo wa damu, saa inashika ule wenye nguvu.

Najua kuna anosema moyoni yangu mie ghali, mwanangu kanletea kutoka Dubai. Haya, nyengine zinajitahidi kuliko nyengine, kweli, lakini bei haizuii mkono kutikisika. Anotaka namba ya kuaminika akiwa anakwenda atafute mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe kama ile mashine ya hospitali ya kubandikwa waya, ila kama kovu la oparesheni au ngozi ilopigwa mionzi bado inauma usijibane nao.

Na hata namba ikiwa sahihi, ile 220 ni makadirio ya watu wengi, si yako wewe. Ile dawa nyekundu ya saratani, doxorubicin, inaweza kuugusa moyo, damu ikipungua moyo unakwenda mbio hata umekaa, na anokunywa dawa za presha kama atenolol moyo wake umezuiliwa, akiikimbilia 118 atajiumiza bure. Tumieni mdomo: unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, hapo ndo mwendo wa katikati. Kifua kikiuma au kizunguzungu, simama, nenda hospitali, saa iseme inavotaka.

Nyengine haraka haraka maana muda umekwisha. Aloondolewa tezi za kwapani avae saa mkono wa upande wa pili, mkono wa upande uloondolewa tezi usikazwe kitu. Na msiivae juu ya piko, ngozi iwe wazi.

Haya, vidole viwili hapa chini ya gumba. Usitumie gumba mama, lina mpigo wake. Nahesabu sekunde 15... anzeni.