Degedege limekoma, je, mtoto anapumua?

Habari za asubuhi, ndugu madaktari, waganga, wauguzi na wanafunzi. Karibuni.

Leo tunazungumzia degedege la mtoto linapokataa kukoma, na tafiti zilizotufundisha namna ya kulikabili. Tuanze na saa. Degedege la homa mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache. Likipita dakika 5, usitegemee tena likome bila dawa. Ndiyo sababu wataalamu wa kifafa duniani walikubaliana mwaka 2015 kwamba tiba ianze dakika ya 5, na kwamba dakika ya 30 ndiyo ya kuhofia madhara ya kudumu ya ubongo. Mtoto anayeletwa mlangoni kwako akiwa bado anatukutika, mhesabie kuwa dakika 5 zimeishia njiani.

Haraka hii ina sababu yake ndani ya seli. Diazepamu na ndugu zake, midazolamu na lorazepamu, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, juu ya seli za ubongo. Degedege likiendelea, vipokezi hivyo huvutwa ndani ya seli, na dawa inakosa pa kushika. Kipimo kilekile ambacho kingetosha dakika ya 6 kinaweza kushindwa dakika ya 40. Dawa haijaharibika, imechelewa.

Sasa, dawa ipi na kwa njia ipi? Hapa jirani zetu wa Kampala walitufanyia kazi kubwa. Katika hospitali ya Mulago watoto 330, wa miezi 3 hadi miaka 12, waligawanywa kwa kura: wengine midazolamu ya shavuni, wengine diazepamu ya njia ya haja kubwa, zote miligramu 0.5 kwa kila kilo. Matokeo yalitoka 2008. Diazepamu ilishindwa kwa watoto 43 katika kila 100, midazolamu kwa 30. Kushindwa maana yake degedege lilipita dakika 10 au lilirudi ndani ya saa moja. Lakini soma zaidi ya mstari wa kwanza. Theluthi mbili hivi ya watoto wale walikuwa na malaria, na kwao tofauti haikuonekana wazi. Faida ilikuwa kwa wasio na malaria: diazepamu ilishindwa kwa karibu 56 katika 100, midazolamu kwa 26 au 27. Kwa hiyo kadiri malaria inavyopungua mahali, ndivyo hoja ya midazolamu inavyopata nguvu.

Mwenye diazepamu peke yake asikate tamaa, ila aitoe sawasawa. Tuchukue mtoto wa kilo 12. Miligramu 0.5 mara 12 ni miligramu 6. Ampuli ya kawaida ina miligramu 10 katika mililita 2, kwa hiyo unavuta mililita 1.2. Ondoa sindano, libaki bomba lenye dawa peke yake. Bomba dogo la mililita 1 au 2 ndilo linalofaa. Liingize sentimita 4 hadi 5, sukuma dawa, kisha bana matako kwa dakika chache. Hapo kwenye kubana ndipo wengi wanapokosea: dawa inamwagika kwenye nepi, halafu tunaandika kwenye jalada kwamba mtoto hakuitikia diazepamu. Kosa jingine ni bomba kuishia mlangoni tu, au dawa kuzama kwenye choo kigumu.

Kwa midazolamu, kabla ya kuvuta soma maandishi ya ampuli. Ipo ya miligramu 5 kwa mililita, ipo na ya miligramu 1. Ukidhani hii ni ile umekosea mara tano, juu au chini. Dawa inawekwa kati ya shavu na ufizi, polepole, mtoto akiwa amelala kwa ubavu.

Kipimo pungufu si kosa la vituo vidogo peke yake. Utafiti wa ESETT wa Marekani ulipochunguza dawa walizopewa wagonjwa wa degedege kabla ya kuingizwa kwenye utafiti, ulikuta dozi nyingi za kundi hili la diazepamu na ndugu zake zilikuwa chini ya kipimo kinachopendekezwa. Watu wanaogopa kuzima pumzi, wanatoa nusu, degedege haliishi, wanarudia nusu nyingine. Mwisho mtoto amepata dawa nyingi kwa muda mrefu na bado anatukutika. Kwa usalama wake, dozi moja kamili ya mapema ni bora kuliko vijidozi vinne.

Pamoja na dawa, choma kidole upime sukari. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/l, au chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali, mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, kwenye mshipa. Mtoto wetu wa kilo 12 anahitaji mililita 60. Una ya asilimia 50 tu? Mililita 12 zake, ongeza mililita 48 za maji ya sindano. Degedege la sukari ndogo halitibiki kwa diazepamu.

Sasa degedege limeshinda dozi mbili. Mwaka 2019 zilitoka tafiti tatu kubwa za hatua hii. EcLiPSE ya Uingereza ililinganisha levetirasetamu na fenitoini, dawa za degedege za kutoa kwenye mshipa, kwa watoto 286: degedege lilikoma kwa asilimia 70 na 64. ConSEPT ya Australia na New Zealand, watoto 233, ilipata kinyume: levetirasetamu 50, fenitoini 60. Mtu anaweza kusema zinapingana. Tazama saa zao. ConSEPT ilipima dakika 5 baada ya dawa kumalizika kuingia. Levetirasetamu huingia kwa dakika 5, fenitoini kwa dakika 20. Basi mmoja amepimwa dakika ya 10, mwenzake dakika ya 25! Hata hivyo, katika tafiti zote mbili tofauti ni ndogo kiasi cha kuweza kuwa ya bahati. ESETT, iliyowaficha madaktari dawa wanayotoa, ililinganisha levetirasetamu, fosfenitoini na valproeti kwa watoto na watu wazima 384, na zote tatu zilifaulu kwa karibu nusu. Chagua basi ile unayoweza kuitoa haraka na bila madhara. Fenitoini inataka kuchanganywa na maji ya chumvi ya mshipani (normal saline), kwa kuwa kwenye glukosi inaganda. Inataka kanula iliyo ndani ya mshipa kweli, kwa kuwa ikivuja inaunguza nyama. Na inataka mtu wa kuangalia moyo.

Nimeacha kwa makusudi utafiti ninaouona mzito kuliko yote. Ulifanyika Kilifi, hapa pwani, ukachapishwa mwaka 2000. Watoto 340 wenye malaria ya ubongo walichomwa sindano moja ya msuli: nusu yao fenobabitoni miligramu 20 kwa kilo ili kuzuia degedege, nusu sindano isiyo na dawa. Degedege tatu au zaidi zilipungua kutoka asilimia 27 hadi 11. Ungeishia hapo ungeshangilia. Waliokufa walikuwa 14 kwa wasiopewa dawa na 30 kwa waliopewa. Hatari ilikuwa kubwa mno kwa waliopata fenobabitoni pamoja na dozi tatu au zaidi za diazepamu. Pumzi zilizimika, na mashine za kupumulia hazikuwepo.

Tafiti tatu za 2019 zilifanyika mahali ambapo mtoto akiacha kupumua anawekewa bomba la hewa palepale. Kipimo kilekile katika wodi isiyo na mashine ni tiba nyingine kabisa. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu: uliza zahanati alikotoka walimpa nini na saa ngapi, uiandike juu ya jalada kwa herufi kubwa. Diazepamu ya zahanati ni dozi ya kwanza, hata kama kwako ndiyo anaanza.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: "Kituo chetu hakina mashine wala daktari usiku. Nitoe dozi ya pili?" Ndiyo, dakika 10 zikipita na degedege likaendelea, toa, ukiwa umeshaweka mfuko wa ambu, ule wa kumsukumia hewa kwa mkono, na kinyago cha saizi ya mtoto pembeni ya kitanda, si kabatini. Baada ya hapo usitoe ya tatu. Mlaze kwa ubavu, mpe oksijeni ikiwepo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kisha hesabu tena, na wakati huo mwenzako awe anapiga simu ya gari la wagonjwa.