Picha Nayo Husomwa: Mhadhara kwa Walimu wa Skuli za Msingi, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamooni wazee wetu mlioketi mbele. Hamjambo walimu wenzangu, wa hapa Amu na nyinyi mliovuka kutoka Mokowe, Faza na Kizingitini. Najua wapo waliopanda mashua alfajiri ili wafike, kwa hivyo utangulizi nitaufupisha.

Mimi ni mkutubi wa skuli ya msingi. Kazi yangu na watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 ni vitabu vya picha, na leo nimekuja na dai moja tu. Picha katika kitabu cha mtoto si pambo la maneno. Ni nusu ya hadithi, na mara nyingine hupita nusu. Sisi watu wazima tumezoea kuiruka. Twasoma mistari miwili iliyo chini ya ukurasa, twainua kitabu kidogo watoto waone, twafunua mwengine. Mtoto hajamaliza kuangalia ni nani aliyesimama mlangoni, nasi tushafika sokoni.

Tuelewane kwanza ni kitabu gani ninachokisema. Kitabu cha kiada kina kazi yake. Tangu 2015 mradi wa Tusome uliwafikishia watoto wa madarasa ya chini vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, kila mtoto na chake, vikapangwa ili ajue herufi, sauti na silabi hatua kwa hatua. Sina ugomvi navyo hata kidogo. Humo picha humsaidia mtoto kulitambua neno: pameandikwa "kuku", na kuku amechorwa. Kitabu cha picha hufanya kazi nyingine. Picha husema lile ambalo maneno yamelinyamazia. Maneno yasema, "Siku hiyo Fatuma alikwenda kwa bibi yake," na picha yaonyesha Fatuma ameficha kitu mgongoni. Ukimsomea mtoto maneno peke yake, kisa chenyewe hajakipata.

Vingi vya vitabu hivi vina kurasa 32. Sababu yake iko kiwandani: karatasi kubwa hukunjwa na kukatwa ikatoa kurasa 16 au 32, basi mchoraji anajua tangu mwanzo nafasi aliyo nayo. Kwa hivyo kila pahali pa kufunua pamepimwa. Jambo la kushtua huwekwa nyuma ya ukurasa wa kulia, lisionekane mpaka karatasi igeuzwe. Mwalimu anayefunua huku mdomo ukiendelea kusoma humpotezea mtoto jambo hilo, na halirudi tena siku hiyo. Funua, nyamaza, subiri.

Hilo la kusubiri nalitilia mkazo. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa miaka ya 1970 akaona kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri sekunde moja tu au pungufu, kisha humwita mwengine au hujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 na zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa wakinyamaza siku zote wakaanza kusema. Sekunde 3 tu. Lakini ukiwa umesimama mbele ya darasa huhisi ni muda mrefu mno, na moyo hukusukuma useme neno lolote. Ustahimilini muda huo. Wakati nyinyi mmenyamaza, mtoto anafanya kazi.

Na msidhani kwamba kuuangalia ukurasa wote, si maandishi yake tu, ni elimu ya kuletewa. Ulaya husifiwa Comenius, ambaye mwaka 1658 alitoa kitabu cha kuwafundishia watoto kwa michoro. Sawa, ana haki ya sifa hiyo. Lakini vukeni hapa mwende kisiwani Pate, Siyu, ambako katika karne ya 18 na ya 19 palinakiliwa misahafu kwa mkono. Wanakili wale walipamba pambizo na mwanzo wa sura kwa maua na nakshi, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Kila ukurasa ulipangwa ili jicho lijue lianzie wapi, lipumzike wapi. Hawakuwa wakichora watu wala wanyama, na makusudio yao yalikuwa ibada, si hadithi za watoto. Hata hivyo walijua kwamba msomaji ana macho kabla ya kuwa na ulimi, na sisi ni wajukuu zao.

Kwa kuwa nimeligusa jambo la kuchora watu na wanyama, nilimalize. Wapo wazazi wanaokuja kuniuliza, kwa adabu, kama picha hizi zinafaa. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Huwaambia wamuulize mwalimu wa madrasa wanayemwamini, na mtoto wao humchagulia vitabu vya majahazi, miti, nyumba na nyota, ambavyo ni vizuri kabisa. Msibishane na mzazi. Mkaribisheni maktabani akae, avifunue vitabu mwenyewe.

Sasa njia. Kipindi ni dakika 30, na kitabu kimoja chatosha. Watoto wakae mkekani nusu duara, karibu nawe, si kwenye madawati. Kishike kitabu kwa chini, pembeni mwa bega lako, kikiwa wazi muda wote, usawa wa macho yao. Hii yamaanisha uwe umeshakisoma nyumbani mpaka maneno unayajua, usiwe wa kukigeuzia kitabu kifuani kwako kila mara. Darasa likiwa kubwa mno, ligawe: kundi moja lichore, jengine lisomewe, kisha wabadilishane. Mtoto aliyeketi nyuma ya vichwa vya wenzake haoni kitu, na asiyeona hujishughulisha na jengine, halafu twamwita mtundu.

Anza na jalada. Tazameni pia ile karatasi ya ndani ya jalada, ambayo wengi wetu huipita, kwa maana mara nyingi mchoraji ameanza kisa pale. Kisha piteni kurasa zote bila kusoma neno hata moja. Waacheni waseme. Kusoma maneno kuje mara ya pili.

Waulizwe nini? Marekani, Abigail Housen na Philip Yenawine walitengeneza njia ya kuzungumzia picha kwa maswali matatu, na mimi nimeyachukua nikayasema kwa namna yetu: Hapa pana nini? Umeona nini hata ukasema hivyo? Kuna jengine? Hayo tu. La kwanza kila mtoto aliweza. La tatu huwarudisha kwenye picha walipodhani wamemaliza. Lakini la pili ndilo nililolipenda zaidi, na nataka tukae nalo.

Tulikuwa na kitabu ambamo mama anamuaga mwanawe anayesafiri. Maneno yalisema mama alifurahi. Watoto wakasema, naam, amefurahi, anacheka. Kasichana kamoja ka gredi ya 2, ambako hakajawahi kuinua mkono, kakasema kwa Kiamu chake: "Mamake yuwateka, lakini mato yake hayateki," yaani anacheka, lakini macho yake hayacheki. Nikauliza, umeona nini hata ukasema hivyo? Akaja mbele akaweka kidole kwenye picha: hapa nyusi zimepanda, hapa mkono umeshika nguzo ya mlango kwa nguvu. Darasa zima likasogea. Wakaanza kubishana kama mama anaogopa bahari au anaogopa upweke, na kila mmoja ikabidi aonyeshe ushahidi wake kwenye ukurasa. Mtoto yule maandishi bado yanampa shida mpaka leo. Lakini kukisoma kitabu kile alikisoma kutushinda sote, na wenzake wakajua hivyo. Tangu siku hiyo huja maktabani wa mwanzo.

Angalieni alivyosema. Kama ningemkatiza nimwambie aseme "macho", angerudi nyuma na kidole chake. Katika kipindi cha picha waacheni waseme Kiamu, Kibajuni, Kiorma, lugha yoyote iliyo karibu na moyo. Kiswahili sanifu kina vipindi vyake, na kitapata faida, kwani mtoto aliyezoea kutoa hoja kwa lugha ya nyumbani hoja hiyo huibeba anapokwenda.

Kuna siku nyingine mvulana alimkataa punda wa kitabuni. Punda alichorwa amebeba mawe, na mvulana akasema haiwezekani, mbona hana shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni? Mawe yatamuumiza mgongo. Kisha akatueleza namna shogi linavyowekwa, na mzigo wa kulia ulingane na wa kushoto. Babake ni mwenye punda. Katika kitabu kile punda alikuwa mnyama mjinga wa kuchekwa, na mtoto wa mji ambao mizigo yake mingi hupita mgongoni mwa punda akakikosoa kwa elimu aliyo nayo. Tuliliongeza shogi sisi wenyewe, kwa karatasi tuliyoichora na kuipachika kwa muda.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye uchaguzi wa vitabu. Rudine Sims Bishop, mwalimu wa fasihi ya watoto huko Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu kiwe kioo mtoto ajione, na kiwe dirisha aone wengine. Makasha ya misaada tunayoletewa ni madirisha tu, vioo hamna. Theluji, nguruwe wenye mashati, nyumba zenye bomba la moshi. Theluji siipingi, watoto huipenda mno na wana haki ya kuijua. Ninachopinga ni mtoto kumaliza gredi ya 3 bila kuona kitabuni mtepe, ile jahazi ya kale ya kushonwa kwa kamba, wala tanga, wala mwanamke mwenye buibui, wala mlango wa kuchongwa.

Tiba ipo na si ghali. Mradi wa African Storybook, ulioanza 2014, umeweka mtandaoni hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzichapa na kuzifasiri bila malipo. Tiba ya pili ni mikono ya watoto wenyewe. Kunja karatasi mara mbili, kata, shona katikati kwa uzi, una kurasa 8. Watoto wa Matondoni wanaoona jahazi likiundwa mbele ya macho yao, kuanzia mkuku hadi mlingoti, wana kitabu kamili ambacho hakuna kiwanda kitakachowachapia. Wachore, nanyi muwaandikie maneno machache kama watakavyoyasema. Kisha kitiwe rafuni pamoja na vingine, kiwe na namba yake, kiazimwe.

Na kibadilishwe. Jirani zetu wa Garissa walianza 1996 kupelekewa vitabu kwa ngamia na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Sisi tuna mashua zinazokwenda na kurudi kila siku. Sanduku moja la vitabu, likae skuli ya Faza mwezi mmoja, Siyu mwezi mmoja, Kipungani mwezi mmoja. Walimu wakuu mliomo humu, naomba tukae leo baada ya chakula tupange.

Najua mtasema vitabu vitaharibika. Ni kweli hewa yetu ina chumvi na unyevu, na msimu wa kusi hasa koga huingia haraka. Basi rafu zisibanwe ukutani, maana kuta zetu za matumbawe hushika maji. Acheni nafasi ya kiganja hewa ipite. Vitabu vifunuliwe na kupepewa, ila visianikwe juani, jua hula rangi. Mikono ioshwe kabla. Gundi na uzi viwe karibu. Lakini kuviweka ndani ya kabati lenye kufuli si kuvitunza. Kabati lililofungwa ndilo nyumba ya koga na ya wadudu walao karatasi, na nimeona kwa macho yangu, katika skuli ambayo sitaitaja, vitabu vipya visivyowahi kushikwa na mtoto vikiwa vimegandana kurasa. Huliongea jambo hili kwa uchungu, mniwie radhi.

Limebaki moja. Tafadhalini, kitabu kikiisha, msiulize, "Hadithi hii yatufunza nini?" Swali hilo watoto washalijua jibu lake kabla ya kusoma: tuwatii wazazi, tusiwe wachoyo. Hulijibu bila kukifikiria kitabu. Bibi zetu walisema paukwa, wakasimulia mpaka mwisho, na mtoto akalala na zimwi lake kichwani, hawakumtahini. Badala yake ulizeni, "Turudie ukurasa upi?" Watakachokichagua kitawaambia nyinyi mengi kuhusu watoto wenu.

Basi tufanye. Gawanyikeni wanne wanne. Kila kundi litapata kitabu kimoja, na maneno yote nimeyafunika kwa vipande vya karatasi; naomba msivibandue. Mmoja awe mwalimu, watatu wawe watoto wa gredi ya 1. Anzeni na jalada, mtumie yale maswali matatu, na mwenye kushika kitabu ahesabu sekunde zake kimoyomoyo. Mna dakika 15. Maswali yenu nitayapokea baada ya zoezi.