Video Inasafiri, Maelezo Yanabaki

Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua tukizungumzia kutangaza duka kwa video nakuja na ile hadithi yangu ya blenda. Chekeni. Nitaacha kuisimulia siku nitakayopita madukani kwenu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikakuta mmeielewa.

Orem, jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2006. Kampuni ya Blendtec inatengeneza blenda ngumu kwelikweli, lakini nani anaijua? Mwasisi wake, Tom Dickson, alikuwa na mtindo wa kuzipima mashine zake kwa kuzisagishia mbao. Mbao kabisa! Mtu wake wa masoko, George Wright, akakuta vumbi la mbao sakafuni, akauliza kulikoni, akaambiwa ndivyo mzee anavyozijaribu. Akaona hili watu lazima walione. Wakanunua koti jeupe la maabara, goroli za kioo na vikorokoro vingine. Gharama haikufika hata dola 100. Mzee akasimama mbele ya kamera, akauliza: je, hii itasagika? Akamimina goroli, akabonyeza. Zikawa unga. YouTube yenyewe wakati huo haijatimiza miaka miwili, na ndani ya siku chache video zile zikatazamwa mara milioni kadhaa. Mwaka uliofuata ikatoka iPhone ya kwanza, watu wanapanga foleni kuinunua, mzee akaitumbukiza kwenye blenda. Vumbi jeusi! Na blenda zikauzika.

Sasa hapo kila mtu huniambia, mwalimu, kumbe siri ni vituko. Ndiyo maana vijana wenu wanajimwagia maji, wanajiangusha na pikipiki, na huko nyuma mlango wa duka unaonekana nusu. Video inazunguka nchi nzima, tunacheka wote, duka hatulijui. Hamkunisikiliza. Ile blenda huwezi kuikata kwenye video ukabakiza kichekesho. Anayemtumia rafiki yake iPhone inayosagwa hana habari na biashara ya mzee, anataka mwenzake acheke tu, lakini bidhaa ameshaibeba.

Na kwetu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ya WhatsApp. Umeposti Instagram. Mtu kaipakua, kaiweka status. Shangazi yake kaiomba, kaitupa kwenye grupu la ukoo, kutoka hapo ikaenda grupu la kikoba. Yale maelezo uliyoandika chini, jina la duka, mtaa, namba ya simu, yako wapi? Yamebaki Instagram! Kinachosafiri ni picha na sauti. TikTok walilishika hilo mapema: ukipakua video kwao, nembo yao inatoka nayo, inahamahama kwenye kioo. Kila aliyeirusha WhatsApp amewatangaza bure. Wewe muuza vitenge unashindwaje kutaja jina la duka kwa mdomo wako?

Najua, najua: "Mwalimu, wataniiba video." Waibe! Kama sekunde za mwanzo umeshasema uko Kariakoo, mtaa gani, duka gani, huyo mwizi anakufanyia kazi na humlipi. Akifuta sauti aweke muziki, bango lenye jina lako liwe ukutani, nyuma ya kichwa chako. Atakata na kichwa?

Halafu bei. Jamani, bei! "Bei inbox." Mtu yuko Songea, saa nne usiku, video kaikuta kwenye grupu la harusi. Inbox ya nani? Hata ilikotoka hakujui. Mnaniambia mkitaja bei, jirani atashusha ya kwake. Jirani bei yako anaijua tangu asubuhi, alimtuma kijana aje kujifanya mteja. Mnayemficha ni mnunuzi peke yake. Na bei ikipanda? Taja mwezi: "bei ya mwezi huu". Umemaliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haya nayapitia mbio. Tangu 2019 WhatsApp hairuhusu kusambaza ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mkupuo, na tangu 2020 ule uliokwisha kuzungushwa sana unapelekwa kwa mmoja mmoja. Kwa hiyo usimtegemee mtu mmoja mwenye magrupu mengi, wape wateja wengi. Video iwe fupi, bando la watu si lako. Muziki wa wasanii muwe waangalifu: YouTube ina mfumo unaoutambua wimbo, na mwenye wimbo anaweza kuizuia video yako au kuchukua mapato yake. Matangazo ya kulipia nilitaka kuyasema kwa kirefu, leo hayatawezekana.

Ila dakika mbili hizi siziachii. Dada mwenye vitenge hapo mbele, ndiyo wewe, fungua simu, mpe huyu kijana video yako ya mwisho airushe ukutani. Maandishi ya chini tuyazibe. Tuhesabu duka limetajwa mara ngapi.