Minyororo Hufungwa Tambarare

Asalaam alaikum, na bwana asifiwe kwa upande ule. Nimeombwa niseme na madereva wapya kuhusu kuendesha kwenye theluji, hasa ninyi mliopata leseni kiangazi hiki mkadhani mlima ni mlima tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilipanda na kushuka mlima Kitonga, kule Iringa, miaka na miaka, tela nyuma, mvua juu, nikaja huku Colorado, Marekani, najiona mwamba. Kitonga inakufundisha gia na breki. Mambo ya mpira na baridi haikufundishi.

Kutoka Denver, mita 1,600 hivi juu ya bahari, barabara kuu ya I-70 inakupandisha hadi handaki la Eisenhower, mita 3,401, kwa mwendo usiofika kilomita 100. Unaondoka mjini kuna jua, umevaa shati. Ukifika kule juu hata mistari ya barabara huioni.

Sasa tairi. Tairi la kiangazi, joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, mpira wake unaanza kukakamaa, hata kama lami ni kavu. La baridi limechanganywa kwa namna nyingine, linabaki laini. Halafu kashata zake, yaani yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, zimechanjwa vimikato vyembamba, kama chale. Hivyo ndivyo vinavyoing'ata theluji na kuibana. Na aliyewahi kucheza na watoto uani anajua, theluji hushikana na theluji. Angalieni ubavuni mwa tairi, mtafute alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake zinasema habari za umbo la kashata tu. Na kina cha kashata kisipungue milimita 5. Tairi kipara huku ni sawa na kuvaa ndala kwenye sabuni.

Kuna kijana aliniambia, "Mzee, gari langu linavuta magurudumu yote manne." Vizuri, litaondoka. Kusimama je? Magari yote husimama kwa magurudumu manne, hata kile kigari cha mkopo cha jirani yako. (Kicheko.)

Na ile hila yetu ya kupunguza upepo kwenye mchanga, iacheni hukohuko nyumbani. Baridi yenyewe inaupunguza: kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama psi 1, kile kipimo cha upepo. Pimeni asubuhi kabla ya kuondoka.

Sheria nitaisema haraka. Ukiwa na lori la biashara, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, lazima uwe umebeba minyororo ya kufunga kwenye matairi, hata kama mbingu ni bluu. Amri ya kufunga ikitolewa ukaipuuza, faini inapita dola 500. Ukikwama ukaziba barabara, inapita dola 1,000.

Lakini faini si kitu. Usiku mmoja, chini ya Vail Pass, mlima mwingine wa I-70, nilipita uwanja wa kufungia minyororo. Niliona wenzangu wamelala chini ya malori, nikasema ah, mzigo ni mzito, utanishikilia. Katikati ya mlima matairi ya difu, yale yanayosukuma lori, yakaanza kuzunguka bure, nikaona kwenye kioo tela linanijia kwa ubavu, polepole, kama mtu anayechungulia. Nilisimama kwa bahati tu. Nikafunga minyororo palepale kwenye mteremko, huku magari yakinipita karibu na miguu. Vidole vilikufa ganzi, nikaipachika ndoano zikitazama mpira. Baada ya maili chache kipande kikakatika, kikawa kinachapa bango la matope: ta, ta, ta, hadi kileleni.

Kwa hiyo: tambarare, kabla ya mlima. Utandaze mnyororo chini kwanza, uunyooshe, usiwe na fundo. Midomo ya ndoano itazame nje. Uurushe juu ya tairi, ufunge upande wa ndani kwanza, ule usioupenda, ndipo uje wa nje. Kaza vikazio. Tembeza gari kidogo, shuka ukaze tena, kwani utakuta umelegea. Hapo ndipo wengi wanapofanya uvivu. Mwendo usizidi maili 30 kwa saa, na ukifika lami tupu tafuta pa kusimama uvue, maana lami inaila minyororo na minyororo inaila lami.

Bebeni glavu jozi mbili, kwa sababu ya kwanza italowa. Na taa ya kichwani. Simu mdomoni nimeijaribu, haifai.

Nje nimeegesha kichwa cha lori na seti mbili za minyororo. Ninyi wawili wa mbele mliokuwa mnacheka, anzeni na tairi la ndani.