Nafsi, Mwili na Matamanio: Swali la Elisabeth na Jibu la Spinoza

Mabibi na mabwana, mwezi Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti mfalme aliyekuwa akiishi uhamishoni The Hague, Uholanzi, alimwandikia mwanafalsafa Mfaransa René Descartes kumuuliza: ikiwa nafsi ni kitu kinachofikiri tu, kisicho na umbo wala uzito, inawezaje kuusukuma mwili utende kile mtu alichokusudia? Descartes alijibu kwa adabu nyingi, na katika kitabu chake cha 1649 kuhusu hisia za nafsi alieleza kwamba nafsi hufanyia kazi yake hasa kwenye tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Kwa maoni yangu, alitaja mahali tu. Namna yenyewe hakuieleza.

Mwaka 1645 Elisabeth aliugua homa ya muda mrefu na kikohozi kikavu. Descartes, akidhani huzuni ndiyo chanzo, alimshauri aitulize kwa akili. Elisabeth, ambaye hakuwa mwanafunzi wa kuitikia kila neno, alimkumbusha kwamba yapo maradhi yanayompokonya mtu uwezo wenyewe wa kufikiri.

Baruch Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi, alilishughulikia tatizo hilo la nafsi na mwili kwa njia nyingine kabisa katika kitabu chake cha maadili, kilichochapishwa 1677 baada ya kifo chake. Kwake, akili na mwili ni kitu kimoja kinachotazamwa kwa namna mbili, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta mahali vinapokutana. Kila kiumbe hujitahidi kuendelea kuwapo, na jitihada hiyo, binadamu anapoitambua ndani yake, ndiyo matamanio. Hatutamani kitu kwa sababu tumekiona kuwa chema, bali twakiita chema kwa sababu twakitamani. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alikwisha kusema jambo la karibu na hilo mwaka 1651, ila Spinoza alikwenda mbali zaidi: mtoto mchanga hudhani anataka maziwa kwa hiari yake, na mlevi huamini ameamua mwenyewe kuropoka yale ambayo, pombe ikimtoka, angependa asingeyasema. Wote wawili wanayajua matamanio yao, lakini hawazijui sababu zake.

Basi ushauri aliopewa Elisabeth unapungukiwa, kwa kuwa Spinoza anashikilia kwamba hisia haizuiliki ila kwa hisia nyingine iliyo kinyume chake na yenye nguvu zaidi, na hata ujuzi wa kweli wa mema na mabaya hauwezi kuizuia kwa ukweli wake peke yake, mpaka ujuzi huo nao uwe hisia.