Kusoma kitabu cha safari cha mtu wa ndege ya mabomu

Mabibi na mabwana, tuanze na kitabu chenyewe. Kila aliyeruka na Jeshi la Anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili alikuwa na kitabu cha safari, na mara nyingi ndicho pekee kinachokutwa kabatini babu akishafariki. Kina safu za tarehe, saa ya kuruka, aina na namba ya ndege, jina la rubani, kazi ya mwenye kitabu, maelezo, na muda wa kukaa angani, wa mchana mbali na wa usiku mbali. Wino mwekundu ni safari ya usiku. Wapo wanaodhani ni alama ya hatari. Sivyo.

Anzia safu ya rubani. Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza yenye injini nne, ilibeba watu saba: rubani, fundi mitambo, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga rashasha wawili, mmoja mgongoni mwa ndege na mwingine mkiani. Jina la rubani likijirudia ukurasa hadi ukurasa, hao ndio wenzake. Likibadilika usiku mmoja kisha likarudi, huenda babu aliazimwa kuziba pengo, na watu aliokuwa nao usiku ule hutawaona kwenye ile picha ya ukutani.

Kwenye safu ya ndege ndiko wengi hupotea. Vijana wale mara nyingi waliandika tu herufi iliyopakwa ubavuni mwa ndege kuitambulisha kikosini, na herufi si ndege. Moja ikianguka, nyingine ilirithi herufi ileile. Ndege ikihama kikosi, nayo hubadilishiwa. Lancaster R5868, iliyohifadhiwa makumbusho ya Hendon, London, ilikuwa "Q" katika Kikosi cha 83, ikaja kuwa "S" katika Kikosi cha 467 cha Waaustralia. Namba kamili itafuteni kwenye daftari la kikosi, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, kundi la AIR 27. Fomu 540 inaeleza mambo ya kikosi kwa jumla. Fomu 541 ndiyo yenye ndege, majina, na saa za kuruka na kutua. Msiridhike na ile ya kwanza.

Tarehe nazo zina mtego. Ndege zilizokwenda kupiga mabomu mji wa Nuremberg, Ujerumani, ziliruka usiku wa tarehe 30 Machi 1944, na 95 hazikurudi. Kitabu kitasema tarehe 30, jiwe la kaburi huenda likasema 31, na ndugu wakabaki wakibishana kama ni safari mbili. Ni usiku mmoja.

Zamu kamili ilikuwa safari 30, lakini msihesabu mistari mkadhani mmemaliza. Majira ya kuchipua ya 1944, malengo mengi ya Ufaransa yalihesabiwa kuwa theluthi moja tu ya safari, eti kazi nyepesi. Kisha Mailly-le-Camp, hukohuko Ufaransa, usiku wa tarehe 3 Mei, zikapotea Lancaster 42, na hesabu ile ikaachwa. Kwa maoni yangu haikustahili hata kuanzishwa. Mkiona "DNCO", kazi haikutimizwa: injini imeharibika, au oksijeni, wakarudi njiani.

Sasa niwakalishe mkiani kidogo, kwa kuwa swali ninaloulizwa sana ni hili: ndege ilipopigwa, kwa nini mpiga rashasha wa mkiani hakuruka na mwavuli wa kushukia? Kibanda cha mkiani kilikuwa na rashasha nne aina ya Browning, na nafasi ya mtu mmoja aliyevaa nguo zenye nyaya za umeme za kumpasha joto. Mvuke wa pumzi uliganda ndani ya mpira wa oksijeni, akawa anauminya kwa vidole kuvunja barafu. Mwavuli haukuenea humo. Ulitundikwa nyuma ya mgongo wake, ndani ya ndege. Kwa hiyo ilibidi kwanza akiweke kibanda sawa, afungue milango, auchukue, aufunge kifuani, ndipo atafute pa kutokea. Kibanda kilizungushwa kwa nguvu iliyotoka kwenye injini. Injini ikifa, alizungusha kwa mkono. Kikikwama upande, milango ile haikuelekea ndani ya ndege tena, na mwavuli alikuwa haufikii.

Msiishie kwa Waingereza. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa mwongoza njia. Alitunguliwa Novemba 1943, akafungwa Ujerumani, na baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake.

Kitabu chenyewe msikitie plastiki wala msikibandike selotepu, na kisikae juani, wino utapauka. Pigeni picha kila ukurasa, hata ulio wazi. Na kwa ambao hawakurudi, tazameni mstari wa mwisho: mwandiko si wake. Karani wa kikosi ameujaza, na safu ya muda wa kukaa angani mara nyingi ameiacha tupu.