Ubao Usio na Jina: Acheni Uso, Kateni Kichwa

Assalaam alaykum. Mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mlioletwa mbele kwa nguvu, karibuni.

Ubao huu nilioushika umetoka kwenye nyumba iliyobomolewa Mji Mkongwe. Aliyeniuzia aliapa kuwa ni msaji, ule uliokuja na majahazi kutoka Bara Hindi, na bei akaipanga ya msaji. Mnauona ulivyo: masizi, mafuta ya miaka, matundu ya misumari. Ukishafika hali hii hata mwembe unaweza kuitwa msaji. Uso wa ubao wa zamani unakuhadithia jua, moshi na mikono iliyoupapasa. Mti wenyewe hausemi kitu hapo.

Basi pitisha sumaku kwanza, ng'oa misumari, halafu piga randa pahali padogo. Ukikuta rangi ya mafuta ya zamani usiikwangue kavukavu, maana nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Na ubao unaonuka lami kama nguzo ya simu, huo urudishe ulikoutoa. Haufai kwa kitanda cha mtu.

Kisha mzani. Kata kipande cha urefu wa mita 1, upana sentimita 20, unene sentimita 5. Kipande hicho ni sehemu moja ya mia ya mita ya ujazo, kwa hiyo kilo zake ukizizidisha kwa 100 umepata uzito wa mita nzima. Changu kilikuwa kilo 8.1, yaani 810. Msaji mkavu huwa karibu na 650. Mvule uko hapohapo, na mninga hauko mbali. Mpingo hufika 1,200, ukiutia kwenye ndoo unazama kama jiwe. Kwa hiyo mzani haukuniambia huu ni mti gani. Uliniambia tu kwamba muuzaji ana maneno mengi.

Sasa tuje kwenye kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata. Hapa ndipo nataka mkae. Msumeno huacha manyoya. Msasa huziba vitundu kwa unga. Chukua wembe mpya, lowesha pahali pa ukubwa wa ukucha, kata mara moja kwa kuvuta, usikwaruze. Weka kioo cha kukuzia mara 10 karibu na jicho lako, kisha sogeza ubao mpaka uone vizuri.

Utaona vitundu, ndiyo mifereji iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai. Kama huoni kitundu cha namna hiyo hata kimoja, umeshika podo, msindano au saiprasi. Kwenye msaji, vitundu vikubwa vimejipanga safu kila mwaka mti ulipoanza kukua upya, kisha vinafuata vidogo. Kwenye mvule vimetawanyika, na tishu iliyofifia imevizunguka na kutoa mbawa, mbawa zikashikana hata zikawa mawimbi. Mvule pia huficha mawe ya chokaa, na aliyewahi kuvunja meno ya msumeno humo hahitaji kioo.

Ubao wangu haukuwa na safu. Vitundu vilitawanyika, kila kimoja na duara jeupe lenye ncha mbili, kama jicho lililotiwa wanja. Ndani ya baadhi kulikuwa na unga wa manjano. Hapo nikacheka, kwa sababu unga ule unanijua.

Miaka ya nyuma nilimtengenezea bibi mmoja meza ya mbao nzuri kuukuu, nikaipaka mafuta kidogo tu. Akatandika kitambaa cheupe, chai ikamwagika, na asubuhi kitambaa kilikuwa na madoa ya manjano ambayo sabuni haikuyaweza. Nilikilipa. Mti ule ulikuwa mbambakofi, ambao bara wanauita mkongo. Tangu siku hiyo ubao nisioujua hulala na kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Huu nao ulipaka manjano.

Mninga una siri nyingine. Loweka maranda yake kwenye glasi ya maji, weka kitambaa cheusi nyuma, simama juani: kwa kawaida maji hung'aa buluu. Ndugu yake wa Ufilipino alichongwa vikombe, na Wazungu wakanywa maji yale wakidhani ni dawa ya figo. Nyinyi msinywe.

Mtaniuliza, jina lina faida gani kama ubao ni mzuri? Mteja akitaka kusafirisha mbao nje ya nchi, kuna CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2022 mbambakofi na mininga ya Afrika iliingizwa kwenye orodha yake ya pili, ya vinavyosafirishwa kwa kibali. Jamii ya mpingo ilitangulia. Kwenye stakabadhi andika ulichokiona. Kama umefika kwenye ukoo tu, andika ukoo. Penye mashaka makubwa, kata kipande upeleke kwa wataalamu wa mbao, kama wale wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro. Na vaeni barakoa mnapokata, vumbi la mvule halina huruma na kifua.

Haya, hapa mezani kuna vipande sita nilivyovifuta majina. Cha nne hata mimi kimenishinda. Nyembe ziko kwenye kikopo.